Chai Isiyo na Sukari: Kifungua Kinywa cha Mwenye Kisukari

Mazungumzo ya asubuhi kwa watumishi na wageni wa maadhimisho, Nakasero, Kampala



Mpendwa msomaji, haya ni mazungumzo niliyoyatoa asubuhi ya siku ya pili ya maadhimisho yetu, hapa Nakasero, kabla ya watu kwenda chai. Niliombwa niyaandike kwa ajili ya gazeti hili la kumbukumbu, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Kama ulikuwepo, soma ukumbuke. Kama hukuwepo, wewe wa Busia, wa Mutukula, wa Mpondwe, wa Goma, wa Kisumu na wa Bukoba, hesabu kwamba nawe ulikuwa umekaa kiti cha mbele.

Wapendwa, nilipoitwa hapa mbele wengi mlidhani nitafungua Neno na kuhubiri saa nzima. Leo nimekuja na kikapu. Saa kumi na mbili asubuhi nilishuka kilima kwa miguu mpaka soko la Nakasero, pale chini, nikanunua vitu. Nitavitoa kimoja kimoja. Msiulize bado ni vya nini.

Kilima hiki kinajulikana kwa mambo mengi, lakini mimi nikifika hapa nakumbuka jambo moja: Benki ya Damu ya Uganda iko hapa Nakasero. Damu ya watu wanaojitolea inapimwa na kutunzwa hapa ili iokoe mama anayejifungua na mtoto mwenye malaria. Sisi tunaimba sana habari za damu ya Yesu, na tutaendelea kuimba mpaka arudi. Lakini asubuhi ya leo naomba tuzungumze kidogo juu ya damu yako wewe, na sukari iliyomo ndani yake, na kile unachokunywa na kula unapoamka. Hapa Kampala ugonjwa huu wanauita sukaali. Kwetu ni kisukari. Jina ni lile lile, na wanaoumwa wamo humu humu ndani.

Nianze kwa kukiri kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kesha, upande mmoja wa mpaka, sitataja wapi. Ilikuwa siku ya tatu ya mfungo. Saa nane ya usiku ndugu mmoja akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka mpaka shati likalowa. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mtu aliyejaribu kumshika akamsukuma kwa hasira. Basi, mimi mwinjilisti nikajua ninachokiona. Nikamwekea mikono kichwani, nikaanza kukemea. Ndugu wakazunguka, tukapaza sauti. Kadiri tulivyokemea ndivyo alivyozidi kulegea, na sisi tukafurahi, tukadhani pepo anashindwa.

Dada mmoja muuguzi akapenya katikati yetu. Akaniambia kwa upole, "Mtumishi, samahani. Huyu hana pepo. Huyu sukari imeshuka." Akaomba kikombe cha maji, akakoroga vijiko vinne vya sukari, akamnywesha pole pole kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya kama robo saa yule ndugu akafungua macho vizuri, akatazama huku na huku, akauliza, "Kwani kumetokea nini?"

Baadaye tukajua habari yote. Alikuwa mgonjwa wa kisukari kwa miaka sita. Hakumwambia mtu, kwa sababu ushuhuda wake ulishatolewa madhabahuni kwamba amepona. Vidonge alikuwa anameza kwa siri. Asubuhi ile alimeza dawa kama kawaida, lakini hakula kitu kwa sababu tulikuwa tumefunga. Dawa ikafanya kazi yake, ikashusha sukari, na chakula cha kuipokea hakikuwepo.

Wapendwa, yule ndugu angeweza kufa mikononi mwangu, huku nikipiga kelele "Toka!" Nimelibeba jambo hilo mpaka leo.

Yule dada hakuishia hapo. Alinitazama, akaona navyoinuka kila saa kwenda nje kukojoa, na chupa yangu ya maji isiyokauka, akasema, "Na wewe mtumishi, nenda ukapime." Nikacheka. Nilikwenda baada ya miezi mitatu. Asubuhi, sijala kitu, kipimo kikasoma 13. Daktari akanieleza kwamba mtu akipimwa kabla ya kula, ikafika 7 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vile vile, huo ni ugonjwa wa kisukari. Mimi nilikuwa karibu mara mbili ya mpaka huo. Na wakati huo chai yangu ya asubuhi ilikuwa vijiko vitano vya sukari, mandazi manne, na kama nina safari, soda njiani.

Kwa hiyo ninayosema leo siyasemi kama daktari. Cheti changu ni cha chuo cha Biblia. Nasema kama mgonjwa anayetunzwa kliniki, na kama mtu aliyekosea.

Sasa, kwa nini asubuhi? Kwa nini tusizungumzie chakula cha mchana au cha jioni?

Sababu ya kwanza iko ndani ya mwili. Alfajiri, kabla hujaamka, mwili unatoa homoni za kukuamsha, na ini linamwaga sukari kwenye damu ili upate nguvu ya kuanza siku. Mtu mzima wa afya, kongosho lake linatoa insulini, sukari inaingia kwenye misuli, mambo yanakwenda. Lakini mwenye kisukari, insulini ni kidogo, au ipo na mwili hauisikii. Ndiyo maana unaweza kulala vizuri, usile kitu usiku, na asubuhi ukapima ukakuta iko juu. Wengine wanasema, "Nimerogwa." Hujarogwa, ni ini linafanya kazi yake. Sasa juu ya ile sukari ambayo ini limeshamwaga, wewe unaongeza chai ya vijiko vitano na mandazi. Unaona?

Sababu ya pili ni dawa. Wengi wetu tunameza dawa au kuchoma insulini asubuhi. Kuna dawa kama metformini, ambayo peke yake mara chache sana inashusha sukari kupita kiasi, lakini inasumbua tumbo usipokula. Kuna nyingine, kama glibenklamidi, zinazolikamua kongosho litoe insulini ukila usipokula. Na insulini yenyewe, ukiichoma na usile, haikusubiri. Kwa mtu wa namna hiyo kifungua kinywa ni sehemu ya dawa. Ukichelewesha chakula, umebadilisha dozi.

Na hapa nataka niseme na wale wanaoogopa insulini, wanaodhani ukiandikiwa basi umefika mwisho. Kabla ya mwaka 1922, mtoto mwenye kisukari cha utotoni alikuwa anakufa. Januari ya mwaka huo, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, akawa wa kwanza, naye akaishi miaka mingine zaidi ya kumi. Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wale walioigundua. Mimi ninapoiona ile chupa ndogo kwenye friji ya dada mmoja wa kanisani, namshukuru Mungu.

Haya, sasa kikapu.

Natoa mayai. Yai halina wanga wa kupandisha sukari, lina protini, linakushibisha mpaka mchana. Yai la kuchemsha ni bora, au la kukaanga kwa mafuta kidogo. Si lazima uli-le kila siku, lakini usiliogope.

Natoa nakati, dodo, na nyanya. Dodo ndiyo mchicha. Mtu atasema, "Mboga asubuhi, Mtumishi?" Ndiyo, mboga asubuhi. Jana usiku ulikula sukuma wiki, si ndiyo? Bakiza kidogo. Asubuhi ipashe moto, pasua yai juu yake. Dakika tano umemaliza.

Natoa ovakedo. Hapa Uganda tumebarikiwa ovakedo, tunawapa hata watoto wachezee. Haina sukari ya kukutisha, ina mafuta mazuri na nyuzinyuzi. Nusu au robo inatosha, maana mafuta yake yanaleta uzito ukizidisha.

Natoa maharage, na hapa pembeni karanga. Maharage yana wanga, lakini wanga wake unaingia kwenye damu pole pole, maana yamejaa nyuzinyuzi na protini. Karanga ni kiganja kimoja, zisizo na sukari.

Natoa mtindi, ambao hapa wanauita bongo. Ule usiotiwa sukari wala rangi ya stroberi. Kikombe kimoja. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, kwa hiyo usinywe jagi ukadhani ni maji.

Natoa ndizi moja mbivu. Moja tu, na ndogo. Tunda lile, usilikamue. Ukikamua machungwa manne kupata glasi moja ya juisi, umetupa nyuzinyuzi na umekunywa sukari ya machungwa manne kwa dakika moja.

Natoa unga wa ulezi. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu watu wetu wamedanganyana sana. Wanasema uji wa ulezi ni dawa ya kisukari. Hapana. Ulezi ni chakula kizuri kuliko unga mweupe wa mahindi, kwa sababu unasagwa na ganda lake. Lakini bado ni wanga, na uji mwepesi unapita tumboni haraka. Kunywa kikombe kimoja, usitie sukari, koroga karanga zilizosagwa, na ule na yai. Usinywe bakuli tatu ukasema Mtumishi alituruhusu.

Sasa ambacho hakimo kikapuni. Hakuna mkate mweupe wenye siagi na jemu. Hakuna mandazi. Hakuna soda: chupa moja ya soda ya kawaida, ya mililita 300, ina kama gramu 30 za sukari, na kijiko kidogo cha chai ni kama gramu 4. Piga hesabu mwenyewe, ni vijiko saba au nane. Na asali haimo. Najua utaniambia Kanaani ilikuwa nchi ya maziwa na asali. Amina. Lakini kwenye damu yako asali ni sukari. Sukari ya miwa ambayo ni ya kahawia nayo ni sukari. Mkate wa kahawia wakati mwingine umepakwa rangi tu, kwa hiyo soma karatasi yake uone kama ni ngano nzima.

Kuna mtu ananung'unika moyoni, "Sasa mimi wa barabarani nitakula nini? Mimi naendesha boda, nafungua duka saa moja, nani atanichemshia nakati?" Ndugu yangu, tuonane pale kwenye kona, kwa kijana wa rolex. Kila mtu wa Kampala anaijua: chapati imekunjwa na mayai. Tatizo la rolex ni chapati na mafuta. Chapati moja kubwa ya barabarani inaweza kufikia wanga wa vipande vitatu vya mkate, na wengine wanaagiza mbili. Mwambie yule kijana, "Ssebo, mayai mawili, chapati moja, kabichi na nyanya nyingi, mafuta punguza." Kisha kata ile chapati, kula nusu, nusu mpe mwenzako. Ukipenda kikomando, yaani chapati na maharage, fanya maharage yawe mengi na chapati iwe kidogo. Wanaokula vizuri hawahitaji kuwa matajiri, wanahitaji kufungua mdomo kabla ya kulipa.

Na katogo? Ah, katogo! Matoke na maharage, au matoke na matumbo. Sikukatazi. Lakini matoke si mboga, matoke ni wanga, kama vile mihogo, viazi vitamu na nduma. Tukisema "chakula cha kienyeji hakina sukari" tunajidanganya. Chukua sahani ya kawaida, usichukue sinia. Igawe kwa macho: nusu yake iwe mboga, robo iwe maharage, yai, samaki au nyama, robo iliyobaki ndiyo matoke, au kiazi, au chapati. Vipande viwili vitatu vya matoke, basi. Na anza kula mboga na yai, ile robo ya wanga iwe ya mwisho. Ukila hivyo, sukari inapanda taratibu zaidi. Nimejipima mwenyewe, nikaona tofauti.

Ndugu wa ng'ambo ya mpaka, sijawasahau. Mkenya, badala ya chai na mandazi matatu, chukua kipande cha nduma na yai. Mtu wa pwani, mbaazi ongeza, mahamri punguza. Mtanzania, ile supu yenu ya asubuhi ya kuku au ya samaki ni nzuri, shida ni zile chapati mbili za kuchovya. Ndugu wa Kongo, sombe iliyobaki na samaki kidogo ni kifungua kinywa kizuri kuliko yale mandazi ya stendi. Hakuna nchi hata moja kati yetu ambayo Mungu ameinyima chakula cha mgonjwa wa kisukari. Na kama una shida ya figo pamoja na kisukari, muulize daktari wako kwanza habari ya maharage, maziwa na nyama, maana kwako kipimo ni kingine.

Ukimaliza kula, usirudi kitandani kusoma simu. Tembea dakika kumi au kumi na tano. Misuli inayotembea inakula sukari. Sisi tulio hapa tuna kilima, tuna ngazi, hatuna kisingizio. Na kama una kimashine cha kupimia, pima saa mbili baada ya kula. Wengi wetu tunaambiwa na madaktari isizidi 10 wakati huo. Ukiona imezidi, usimlaumu shetani, rudi utazame sahani. Kimashine ndicho kitakuambia mwili wako wewe unapatana na nini.

Sasa nije kwenye jambo la imani, maana najua liko vichwani mwenu.

Mtu ataniuliza, "Mtumishi, wewe unaamini uponyaji au huamini?" Naamini. Nimeuona. Lakini nimesoma Maandiko tena baada ya lile kesha, na nimeona vitu ambavyo zamani nilikuwa navipita mbio. Katika Marko sura ya 5, binti wa Yairo anafufuliwa. Muujiza mkubwa, nyumba nzima imeshangaa. Na Yesu anafanya nini baada ya hapo? Anaagiza wampe yule mtoto chakula. Watu wote walikuwa wanatazama muujiza, yeye peke yake akakumbuka kwamba mtoto ana njaa. Katika Yohana sura ya 21, baada ya kufufuka, anawakuta wanafunzi wamechoka usiku kucha, na asubuhi anawapikia yeye mwenyewe: samaki juu ya makaa, na mkate. Bwana wa utukufu amewasha jiko la mkaa! Na katika 2 Wafalme sura ya 20, Hezekia anaahidiwa kupona, ahadi imetoka kwa Mungu mwenyewe, lakini bado Isaya anaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwepo, na dawa ikawekwa. Isaya hakuona aibu.

Basi sisi tumetoa wapi mafundisho ya kutupa vidonge? Mtu akiombewa, arudi kwa daktari apimwe. Kama amepona, kipimo kitasema, na daktari mwenyewe ndiye atapunguza dawa. Mungu hawezi kuaibishwa na kimashine. Kinachomwaibisha ni mtu kukatwa mguu kwa sababu mtumishi alimwambia kunywa dawa ni kukosa imani.

Na habari ya kufunga. Mwenye kisukari, hasa wewe unayechoma insulini au unayemeza vile vidonge vinavyokamua kongosho, usianze mfungo kabla ya kuzungumza na kliniki yako. Danieli alifunga majuma matatu kwa kuacha vyakula vitamu na nyama na divai, na maombi yake yalisikika mbinguni. Unaweza kuacha nyama, ukaacha simu, ukaacha televisheni, ukaamka alfajiri kuomba, na bado ukala yai lako na mboga saa moja asubuhi. Na ukiona umeanza kutetemeka, jasho, njaa kali, moyo unakwenda mbio, au ukijipima ikawa chini ya 4, mfungo umekwisha. Kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, kisha ule chakula. Hapo tu ndipo sukari ni dawa. Lakini mtu akiwa amepoteza fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na huku unaomba.

Wapendwa, nimefika mwisho. Nina maombi matatu kwa ushirika wetu huu, pande zote za mpaka.

La kwanza, makesha na mifungo yetu. Kila mara tukitangaza mfungo, tutangaze pia kwamba wenye kisukari, wajawazito na wanaomeza dawa wale bila aibu. Na katika kila kesha awepo mtu mmoja aliyefundishwa dalili hizi, mwenye kimashine, maji na sukari. Si gharama kubwa.

La pili, sisi watumishi. Tusimwambie mtu yeyote aache dawa. Ushuhuda wa uponyaji wa kisukari uje na kipimo cha kliniki. Yule ndugu yangu wa kesha aliteseka kwa siri miaka sita kwa sababu tulimpigia makofi mapema mno, na baada ya hapo hakuwa na mahali pa kusema ukweli. Tumtengenezee mtu kama huyo mahali.

La tatu ni dogo, lakini ndilo lililonifanya niombe nafasi hii. Ni chai yetu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunapika chai kwenye sufuria kubwa, maziwa humo, majani humo, na sukari humo humo. Ikishachemka, hakuna wa kuichuja. Mgonjwa anakuja ibadani, anapewa kikombe cha upendo, afanye nini? Akikataa, mama aliyepika atahuzunika, na watu watauliza, "Kwani huyu ana nini?" Akinywa, anakunywa ugonjwa. Nimekunywa chai ya namna hiyo miaka miwili baada ya kujua hali yangu, kwa sababu niliona aibu kusema. Na jikoni kwetu wakati wote huo hakuna aliyenikosea. Mama zetu walikuwa wanatupenda kwa namna waliyoifahamu.

Kwa hiyo jana jioni nilikwenda jikoni, nikazungumza na mama mmoja anayesimamia chakula. Nilidhani atakasirika. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Mtumishi, hata mimi ninayo. Mwaka wa tatu sasa." Tukabaki tunatazamana pale, watu wawili tuliokunyweshana sukari kwa miaka miwili kwa sababu ya heshima.

Basi karibuni chai. Pale mezani mtakuta mayai ya kuchemsha, maharage, mboga, ovakedo, na mkate kwa wanaoula. Chai imepikwa kwa tangawizi, haina sukari ndani. Sukari iko kwenye bakuli pembeni, na kijiko chake, kila mtu ajipimie mbele za Bwana. Atakayeuliza kwa nini, mwambieni. Na kama wewe ndiye unayeumwa na hujamwambia mtu, leo hutahitaji kujieleza kwa yeyote. Chukua kikombe chako, unywe.

Mungu awabariki sana. Amina.